Ansible: kuziongoza seva nyingi bila kuzipandikizia wakala

Ansible ni programu huria inayomwezesha msimamizi wa mifumo aliye mbele ya kompyuta moja kuziagiza seva nyingi zilizo mbali zifanye kazi ileile: zisakinishe kifurushi fulani, zisasishe usanidi, ziongeze mtumiaji, au ziwashe upya huduma iliyokwama. Kabla yake, na hata leo katika ofisi nyingi, seva ishirini husimamiwa kwa skripti ya Bash yenye kitanzi kinachoingia kwa SSH (njia salama ya kuingia katika seva iliyo mbali na kuipa amri) katika seva moja baada ya nyingine na kutekeleza amri zilezile. Skripti ya namna hiyo hutosha kabisa hadi siku seva ya saba inaposhindwa katikati ya kazi, ambapo hakuna ajuaye kwa hakika ni amri zipi zilizokwisha kutekelezwa wapi, wala kama ni salama kuirudia skripti yote tangu mwanzo. Tathmini hii inaitazama Ansible kwa jicho la mtu wa hali hiyo: mwenye seva kati ya kumi na mia mbili hivi, timu ya watu wachache, bajeti ndogo ya leseni, na seva ambazo mara nyingi haziko katika jengo anamofanyia kazi wala katika nchi anayoishi.

Aliyeiandika ni Michael DeHaan, na ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 2012. DeHaan hakuwa mgeni katika fani hii. Alipokuwa Red Hat alianzisha Cobbler, programu ya kusakinisha mfumo endeshi katika seva kupitia mtandao, na akashiriki kuandika Func, ambayo ilikusudiwa kuendesha amri katika seva nyingi kwa pamoja lakini ilihitaji kila seva iwekewe kwanza programu yake ndogo na kupewa cheti cha utambulisho. Anayeifahamu historia hiyo haoni ajabu kwamba Ansible ilijengwa kwa kulikwepa hitaji hilo hasa. Red Hat iliinunua kampuni iliyoundwa kuiendeleza mwaka 2015, na Red Hat yenyewe ikanunuliwa na IBM mwaka 2019 kwa dola bilioni 34, lakini msimbo wa kiini chake umebaki chini ya leseni ya GPL toleo la 3, kwa hiyo yeyote anaweza kuutumia, kuusoma na kuurekebisha bila kulipa.

Sifa yake kuu ni kwamba haidai mengi kwa seva inayosimamiwa. Ikiwa seva ina SSH, ambayo karibu kila seva ya Linux inayo, na ikiwa ina lugha ya programu ya Python, basi iko tayari. Msimamizi anapotoa amri, Ansible huunganisha kwa SSH, hunakili moduli ndogo iliyoandikwa kwa Python katika saraka ya muda, huitekeleza, hupokea majibu, kisha hufuta ilichokiweka, mithili ya fundi anayekuja na zana zake na kuondoka nazo. Hakuna huduma inayobaki ikila RAM, hakuna poti mpya ya kufunguliwa, na hakuna programu ya ziada ya kusasishwa kila inapogundulika kasoro ya usalama.

Tofauti hii inaonekana vizuri ikilinganishwa na washindani wake. Puppet, ya mwaka 2005, kwa kawaida huweka wakala, yaani programu ndogo inayokaa muda wote, katika kila seva, naye huulizia maelekezo mapya kwa seva kuu kupitia poti 8140 kila baada ya dakika 30. Salt, ya mwaka 2011, nayo ina wakala anayeunganishwa muda wote na seva kuu kupitia poti 4505 na 4506, na ndiyo maana amri zake huzifikia seva elfu moja kwa kasi ambayo Ansible haiwezi kuikaribia. Lakini seva kuu inayosikiliza kwenye mtandao ni mlango wa ziada wa kulindwa. Mwaka 2020 kasoro mbili za Salt zilimwezesha mtu asiye na nywila kuziamuru seva zote zilizo chini ya seva kuu iliyoachwa wazi kwenye intaneti, na miongoni mwa walioingiliwa walikuwa mradi wa LineageOS, mfumo endeshi huria wa simu, na jukwaa la uandishi la Ghost. Ansible haina mlango huo. Ulinzi wake ni ulinzi wa SSH, kazi ambayo msimamizi alipaswa kuifanya hata kama asingewahi kuisikia Ansible.

Matumizi yake huanza na faili la orodha ya seva, zikiwa zimepangwa kwa makundi: za wavuti, za hifadhidata, za barua pepe. Seva moja inaweza kuwemo katika makundi kadhaa, kwa mfano kundi la wavuti na kundi la seva za majaribio, na kila kundi linaweza kuwa na vigeu vyake, kama vile anwani ya seva ya saa au jina la kifurushi. Orodha hiyo peke yake tayari ina faida, kwa kuwa ofisi nyingi hazina mahali pengine palipoandikwa ni seva zipi zinazomilikiwa na ni za kazi gani. Ikishakamilika, amri fupi kama `ansible wavuti -m ping` huthibitisha kwamba kila seva ya kundi la wavuti inaingilika kwa SSH na ina Python inayofanya kazi. Ikumbukwe kwamba moduli hiyo haihusiani na ile ping ya kawaida ya mtandao, jambo linalowachanganya wengi siku ya kwanza.

Kazi za kudumu huandikwa katika faili la YAML (maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa nafasi na alama) liitwalo pleibuku, ambalo hutaja kundi la seva na hali inayotakiwa katika seva hizo, hatua kwa hatua. Chukua mfano wa faili la sudoers, ambalo huamua nani anaruhusiwa kutumia mamlaka ya msimamizi mkuu. Kosa moja la herufi ndani yake linaweza kuwafungia nje watu wote, na kulibadilisha kwa mkono katika seva arobaini ni kazi ya kutetemesha mkono. Katika pleibuku, msimamizi huandika kiolezo kimoja cha faili hilo, humwagiza Ansible alipitishe kila nakala mbele ya amri ya `visudo -cf` kabla ya kuliweka mahali pake, na nakala isiyopita ukaguzi haiwekwi kamwe. Vivyo hivyo, usanidi wa Nginx, programu ya seva ya wavuti, unaweza kubadilishwa na huduma ikawashwa upya katika seva zile tu ambazo faili lao limebadilika kweli, kwa sababu hatua ya kuwasha upya huandikwa kama itikio linalosubiri taarifa ya badiliko. Kwa tovuti zenye wateja, neno `serial` huwezesha seva kushughulikiwa mbilimbili au tanotano, na `max_fail_percentage` husimamisha zoezi zima iwapo sehemu fulani ya seva imeshindwa. Kwangu mimi haya mawili ndiyo yanayoitofautisha Ansible na skripti kuliko kitu kingine chochote, na inashangaza kwamba mafunzo mengi ya mwanzo huyapita bila kuyataja.

Hapo ndipo linapojibiwa pia lile swali la seva ya saba. Moduli nyingi za Ansible huangalia hali iliyopo kabla ya kugusa chochote: kifurushi kikiwa kimeshasakinishwa, hakisakinishwi tena, mtumiaji akiwepo, haongezwi mara ya pili, na mstari ukiwemo katika faili, unaachwa ulivyo. Pleibuku iliyoandikwa vizuri inaweza kurudiwa bila madhara, na mwisho wa kila zoezi skrini huonyesha kwa kila seva ni hatua ngapi zilikuwa sawa, ngapi zimeleta badiliko, ngapi zimeshindwa, na seva ipi haikufikika. Kuna pia `--check` na `--diff`, ambazo zikitumiwa pamoja huonyesha mistari ambayo ingebadilishwa bila kuibadilisha. Uaminifu wa jaribio hilo hautoki kwa Ansible peke yake bali pia kwa mwandishi wa pleibuku, kwa sababu anayejaza hatua za `shell` na `command` anarudi palepale kwenye skripti ya zamani: kwa kawaida Ansible haina namna ya kujua amri hizo zinafanya nini, huziruka wakati wa jaribio, na huripoti kila mara kwamba zimeleta badiliko. Pleibuku nyingi zinazozunguka mitandaoni zimejaa amri za namna hiyo, na anayezinakili hapati ile faida aliyoijia.

Sasa kasoro, na iliyo kubwa kwa watumiaji wa ukanda wetu ni mwendo wa pole. Ansible hukamilisha hatua moja katika seva zote kabla ya kwenda hatua inayofuata, na kwa chaguomsingi hushughulikia seva tano tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo seva arobaini huchukua mizunguko minane kwa kila hatua. Kila hatua nayo ina mazungumzo kadhaa ya SSH: kuandaa saraka, kunakili moduli, kuitekeleza, kufuta. Kwa mtu aliye katika jengo moja na seva zake gharama hiyo haionekani. Kwa aliye Dar es Salaam na seva za kukodi zilizo Frankfurt, ni habari nyingine, kwa kuwa mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na safari ya kwenda na kurudi Ulaya haiwezi kupungua sana chini ya milisekunde 100 hata mtandao ukiwa katika hali nzuri kabisa. Zidisha muda huo kwa mazungumzo ya kila hatua, kwa hatua sitini, kwa mizunguko minane, na kazi ya dakika mbili inakuwa ya kwenda kunywa chai.

Baadhi ya gharama hiyo inapunguzika. Kuongeza idadi ya seva zinazoshughulikiwa kwa pamoja hadi 20 au 30 ni badiliko la mstari mmoja katika faili la `ansible.cfg`. Kuwasha `pipelining`, ambayo haiwashwi kwa chaguomsingi, hupunguza sana mazungumzo ya kila hatua, mradi sudo ya seva husika isidai kituo cha kuandikia (tty). Kuzima ukusanyaji wa taarifa za seva mwanzoni mwa pleibuku isiyozihitaji kunaokoa muda zaidi. Lakini dawa yenyewe ni kutoiendesha Ansible kutoka kwenye kompyuta mpakato ya ofisini. Kodi seva ndogo katika kituo kilekile zilipo seva nyingine, weka Ansible humo, kisha ingia kwa SSH na uiendeshe ndani ya tmux, programu inayobakiza kikao chako kikiwa hai ndani ya seva, ili hata mawasiliano yako yakikatika kazi iendelee. Mwezi Mei 2024, mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipokatika na intaneti ikayumba Tanzania na kwa majirani zake, aliyekuwa akiendesha pleibuku ndefu kutoka Dar es Salaam moja kwa moja hadi Ulaya alikuwa katika hatari ya kuachiwa nusu ya seva zikiwa zimesasishwa na nusu zikiwa zimeandikwa kuwa hazifikiki. Ushauri huu ungepaswa kuwa katika ukurasa wa kwanza wa maelezo ya matumizi, lakini maelezo hayo yameandikwa na watu ambao seva zao ziko jirani.

Kasoro ya pili ni ya ndani zaidi: Ansible haina kumbukumbu. Haihifadhi popote orodha ya ilivyovifanya. Ukiandika hatua ya kumwongeza mtumiaji kisha mwezi ujao ukaifuta hatua hiyo, mtumiaji yule hataondoka. Itabidi uandike waziwazi kwamba anatakiwa asiwepo, na uibakize hatua hiyo hadi seva zote zimepitiwa. Aidha, kwa kuwa hakuna wakala, mtu akiingia katika seva na kubadilisha usanidi kwa mkono, badiliko hilo litakaa mpaka pale pleibuku itakapoendeshwa tena. Puppet ingelirekebisha ndani ya nusu saa. Ipo amri ya `ansible-pull` inayoigeuza kazi, yaani kila seva hujichukulia pleibuku kutoka hazina ya Git (programu ya kutunza matoleo ya mafaili) kwa ratiba ya cron, kipanga saa cha Linux, na kujitekelezea yenyewe, na ni suluhisho zuri kwa seva zilizo nyuma ya faiwoli zisizoruhusu mtu kuingia, ingawa ukilitumia unapoteza ile ripoti moja ya pamoja.

Kuhusu siri, kifaa cha `ansible-vault` husimba mafaili ya nywila kwa AES256, na mafaili hayo yakaweza kuhifadhiwa katika Git pamoja na mengine. Kinafanya kazi yake vizuri, lakini hakimsaidii asiyekumbuka kuandika `no_log` katika hatua zinazoshika nywila, kwani nywila hizo zinaweza kuishia kwenye skrini au katika kumbukumbu za matukio. La muhimu zaidi ni kwamba kompyuta inayoendesha Ansible ina funguo za kuingilia kila mahali, na kwa kawaida zenye mamlaka makubwa. Atakayeivamia hiyo moja amezivamia zote, na hapo ule usalama wa kutokuwa na seva kuu inayosikiliza unabaki nusu tu.

Matoleo yake yamekuwa kero. Hadi toleo la 2.9 kila kitu kilikuja katika kifurushi kimoja chenye moduli zaidi ya elfu tatu. Mwaka 2020 kiini kilitenganishwa na moduli nyingi zikahamishiwa katika mikusanyo inayotolewa kwa ratiba zake, na tangu hapo kuna namba mbili zinazokwenda sambamba, ya kifurushi kikubwa na ya kiini, ambazo mgeni hawezi kuzioanisha bila jedwali. Uamuzi ulikuwa wa busara kwa waandishi wa moduli. Kwa mtumiaji ulileta miaka miwili hivi ya mafunzo yasiyolingana na programu aliyonayo. Kero mpya zaidi ilikuja na kiini cha toleo la 2.17 la mwaka 2024, kilichoacha kuzihudumia seva zenye Python 2.7 na 3.6. Kuachwa kwa CentOS 7, mfumo wa Linux unaotegemea Python 2.7, kunaeleweka, maana muda wake uliisha mwaka huohuo. Lakini RHEL 8, Linux ya kibiashara ya Red Hat, na ndugu zake, Rocky Linux 8 na AlmaLinux 8, hutegemea Python 3.6 katika usimamizi wa vifurushi, na bado zina miaka kadhaa ya kutumika. Mwenye seva hizo inambidi abaki na kiini cha 2.16, na afadhali alijue hilo kabla ya kusasisha chochote.

YAML ina vituko vyake vya nafasi na alama, ambavyo vimeandikwa sana na sina haja ya kuvirudia, isipokuwa kimoja: ruhusa za faili zikiandikwa 644 bila sifuri ya mwanzo wala alama za nukuu, husomwa kama namba ya kawaida, na faili hupata ruhusa za ajabu za 1204. Vigeu navyo vina ngazi 22 za kipaumbele, kila moja ikiishinda iliyo chini yake, na tiba pekee ni kujizuia kutumia zaidi ya tatu au nne. Katika haya yote kuna na mzaha wa waandishi wake: kama kompyuta yako ina programu ya cowsay, kila kichwa cha hatua hutamkwa na ng'ombe aliyechorwa kwa herufi, na wapo waliodhani wamevamiwa.

Anayetaka kubonyeza vitufe badala ya kuandika amri atasikia habari za AWX, kiolesura huria cha wavuti ambacho Red Hat ilikiachia msimbo wake mwaka 2017. Sikipendekezi kwa timu ndogo. Tangu mwaka 2021 njia rasmi ya kukisakinisha hupitia Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena katika seva nyingi, mzigo ambao kwa ofisi yenye seva thelathini ni mkubwa kuliko kazi yenyewe, na mwaka 2024 utoaji wa matoleo yake ulisimamishwa ili kupisha ukarabati wa muundo wake. Semaphore ni nyepesi zaidi, nayo ni huria, na inatosha kwa kumwachia mwenzako wa zamu kitufe cha kuendesha pleibuku moja bila kumkabidhi funguo za SSH. Wengine wanaweza kubaki na Git na ile seva ndogo ndani ya tmux.

Vifaa vya mtandao pia vinasimamika, zikiwemo ruta za MikroTik ambazo watoa huduma wengi wa intaneti wa Afrika Mashariki wanazo. Kwa kuwa hazina Python, moduli huendeshwa upande wa msimamizi na ruta hupokea amri tu. Seva za Windows husimamiwa kwa WinRM, njia ya Windows ya kupokea amri kutoka mbali, na PowerShell, lugha yake ya amri, na zinakubali, ila kompyuta inayoendesha Ansible yenyewe haiwezi kuwa ya Windows isipokuwa kupitia WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

Mwenye maelfu ya seva zinazohitaji kupokea amri papo kwa papo aitazame Salt, na taasisi inayolazimika kuthibitisha mbele ya wakaguzi kwamba hakuna usanidi uliopotoka kwa zaidi ya nusu saa itahudumiwa vizuri zaidi na Puppet. Kwa wenye seva makumi kadhaa, Ansible ndiyo ya kuanza nayo, na pa kuanzia ni orodha ya seva pamoja na pleibuku moja fupi ya kitu kisichoumiza, kama saa za eneo au funguo za SSH za wafanyakazi, iendeshwe kwa `--check --diff` kwanza. Mara nyingi jaribio hilo la kwanza, kabla halijabadilisha chochote, huonyesha kwamba seva zilizodhaniwa kuwa sawa zimetofautiana kwa muda mrefu, na kwamba mfanyakazi aliyekwisha kuondoka bado ana ufunguo katika mbili au tatu kati yake.